Kopolima za bloku: uzipange ndani ya myeyusho au uzivimbishe kwa mvuke?

Swali hili linarudi kila mara mtu akishapata kichupa chake cha unga mweupe: polima ninayo, nimeambiwa inajipanga yenyewe, sasa mbona haijipangi? Ni kweli inajipanga, ila haianzi mpaka uipe nafasi ya kusogea, na nafasi hiyo inatoka kwenye kiyeyushi. Hapo ndipo watu wanagawanyika, kuna wanaoimwaga polima ndani ya kimiminika na kuna wanaoipaka kama utando kisha kuifungia na mvuke, na kila upande unaona mwenzake anajitesa bure.

Kwa ambaye ndo kwanza anaingia: kopolima ya bloku ni minyororo miwili au zaidi isiyopatana, imeunganishwa kwa bondi ya kikemia. Fikiria mafuta na maji ambayo yamefungwa kamba. Yanataka kuachana lakini kamba haiwaruhusu kwenda mbali, kwa hiyo kutengana kwao kunaishia kwenye vipimo vya nanomita kumi hadi mia hivi, na huko ndiko maumbo mazuri yanapotokea, vidonge vya mviringo, silinda, tabaka, na ile giroidi inayozunguka kama pango lenye njia nyingi.

Sasa kitu kinachochanganya wengi ni kwamba kiyeyushi kinafanya kazi mbili tofauti kabisa kwenye njia hizi. Ndani ya myeyusho unatumia kiyeyushi kinachopenda bloku moja na kuichukia nyingine, ile iliyochukiwa inajificha katikati na ile iliyopendwa inabaki nje kama nywele, basi hapo umepata miseli. Kwenye mvuke ni kinyume, unaleta kiyeyushi ili kilegeze utando uliokuwa mgumu kama kioo, minyororo ipate kupumua na kuhama, halafu unakiondoa. Ya kwanza inasukuma, ya pili inalegeza. Ukishika hilo, nusu ya maswali yanajijibu.

(Ipo njia ya tatu, joto tupu bila kiyeyushi. Kama una polistirini na PMMA (plastiki mbili za kawaida) zilizoungana, watu wengi wanaziweka nyuzi 200 au zaidi kwenye utupu au naitrojeni na maisha yanaenda. Siizungumzii sana hapa ila usiisahau, maana kuna wanaohangaika na chemba ya mvuke wakati jiko tu lingetosha.)

Vigezo nitakavyotumia

Nimeangalia mambo haya: unabaki na nini mkononi, polima yako inakubali nini, umbo unaliongoza kwa kushika nini, ukirudia kesho utapata kilekile, utakionaje ulichotengeneza, na gharama ya vifaa, muda na mapafu yako. Njia zote mbili nimezipitisha humohumo. Vingine nimevipita haraka kwa sababu havina mengi, cha uongozi nimekaa nacho sana kwa sababu ndiko watu wanakopotezea miezi.

Unabaki na nini mkononi

Myeyusho unakupa vitu vinavyoelea. Miseli za mviringo, mara nyingi kati ya nanomita 10 na 100, au minyoo mirefu, au vifuko vyenye ukuta na maji ndani. Vifuko hivi vilipata umaarufu mwaka 1999 kundi la watafiti la Discher lilipoonyesha kwamba ukuta wa polima, unene wa kama nanomita 8, ni mgumu kuchanika kuliko ule wa mafuta ya seli za kawaida. Unaweza kuvichuja, kuvikausha kwa kugandisha, kuvichoma sindano, kuvichanganya na kitu kingine. Ila hakuna anayekaa mahali maalum, vyote vinaogelea.

Mvuke unakupa utando ulioshika kwenye bamba la silikoni au kioo, unene wa kawaida nanomita 20 hadi 100 hivi, na ndani yake mpangilio unaojirudia. Hapa thamani iko kwenye *mahali*: kila nukta iko umbali uleule na jirani yake. Mwaka 2009 Russell na wenzake walitumia mvuke juu ya yakuti iliyokatwa ikawa na vijimifereji, wakapata safu za silinda kwa msongamano unaolingana na terabiti 10 kwa inchi ya mraba. Myeyusho hauwezi kukupa hiyo, na mvuke nao hauwezi kukupa mililita 50 za dawa ya kubeba ndani ya miseli. Wengi wangemaliza uchaguzi wao hapa hapa kama wangejiuliza mapema.

Polima uliyonayo inaruhusu nini

Kwa myeyusho wa maji unahitaji bloku moja inayopenda maji kwelikweli, mfano PEO au asidi ya poliakriliki. Polistirini na PMMA zikiungana, kwa maji haziendi popote, zote mbili zinayachukia, utapata tope tu.

Kwa mvuke unahitaji bloku zinazochukiana vya kutosha kiasi kwamba hata zikipunguzwa makali na kiyeyushi bado zitengane. Kipimo chake ni χ mara N, yaani uadui mara urefu wa mnyororo, na kwa polima yenye bloku mbili sawa mstari wa kutengana uko kwenye 10.5, hesabu ya Leibler ya mwaka 1980. Kiyeyushi kisichopendelea upande kikiingia, χ inapungua, takriban unaizidisha na sehemu ya utando ambayo bado ni polima. Chukulia yako ina χN ya 30 ikiwa kavu. Utando ukivimba mara mbili, polima ni nusu, una 15, bado imejipanga na inasogea vizuri. Ukivimba mpaka polima ni asilimia 30 tu, una 9, umevuka mstari, mpangilio wote umeyeyuka na utategemea kurudi wakati wa kukausha. Mwenye χN ya 14 hana uhuru huo, akivimbisha mara moja na nusu tu ameshaanguka. Kwa hiyo polima za uadui mkubwa kama polistirini na PDMS (hii ni laini kama mpira) ndo zinazong'ara kwenye mvuke, tena hizo kwa joto peke yake zinachukua muda mrefu ajabu.

Usukani uko wapi

Tuanze na myeyusho. Kuna kanuni ya kujaza: chukua ujazo wa sehemu inayojificha, gawanya kwa eneo la uso ambalo kila mnyororo unachukua mara urefu wake. Chini ya theluthi moja unapata mviringo, kati ya theluthi na nusu unapata minyoo, nusu hadi moja unapata vifuko. Kwa hiyo ukirefusha bloku inayojificha, au ukizifanya nywele za nje zibanane zaidi kwa chumvi au kwa kubadili pH, unasogea kutoka mviringo kwenda vifuko. Zhang na Eisenberg walionyesha hili vizuri mwaka 1995 kwa polistirini na asidi ya poliakriliki, polima za familia moja zikatoa maumbo karibu yote.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, kanuni hiyo inadhani minyororo iko huru kuhama, na mara nyingi haiko huru. Sabuni ya kawaida, molekuli zake zinaingia na kutoka kwenye miseli ndani ya sekunde ndogondogo sana. Polistirini inabaki ngumu mpaka karibu nyuzi 100, kwa hiyo kitovu cha miseli kikishapoteza kiyeyushi kimefungwa, hakuna anayeingia wala kutoka. Ndo maana kwa kawaida unayeyusha kwanza kwenye kitu kinachopenda zote mbili, viyeyushi kama DMF au THF au dioksani, kisha unatia maji taratibu huku unakoroga, na ukifika pale unapotaka unaongeza maji mengi kwa mpigo ili kugandisha umbo, halafu dayalisisi (kuchuja kupitia mfuko wa vitundu vidogo uliozamishwa majini) kutoa kiyeyushi kilichobaki. Kasi ya kutia maji ndo usukani wenyewe. Niliwahi kuchoka kusubiri pampu ya sirinji nikamimina kwa mkono, nikapata maziwa yenye kila umbo linalojulikana na mengine yasiyojulikana, na ubaya wake hayarekebishiki kwa kukoroga zaidi. Inabidi uanze upya.

Kuna polima ambazo hazina ukaidi huo. Zile za PEO na PPO (bloku inayoacha kupenda maji ikipata joto), mfano ile inayoitwa F127, kwenye baridi zimeyeyuka moja moja, ukizipasha zinajikusanya, na kwa kiwango cha kama asilimia 20 mchanganyiko unakuwa kimiminika kwenye friji na jeli kwenye joto la mwili. Hapo usukani ni kipimajoto tu. Na kuna njia ya kukuza bloku ya pili palepale ndani ya maji, umbo linabadilika jinsi mnyororo unavyorefuka, yenyewe inavumilia polima nyingi hata zaidi ya asilimia 20 wakati njia ya kutia maji kwa kawaida haizidi asilimia 1 hivi. Mwenye kutaka kilo kadhaa aanzie huko.

Sasa mvuke. Usukani wake ni mitatu: kiyeyushi gani, utando umevimba kiasi gani, na unakitoa kwa kasi gani.

Kiyeyushi kwanza. Kikipenda bloku zote sawa, kinalegeza tu bila kupindisha umbo. Kikipendelea moja, ile moja inavimba zaidi na polima inaanza kujifanya kama ina uwiano mwingine, kwa hiyo polima iliyotakiwa kutoa tabaka inaweza kutoa silinda, na ukikausha haraka zinabaki silinda. Kwa polistirini na PDMS watu wanachanganya mvuke wa tolueni na wa heptani, na kwa kubadili tu uwiano wa mivuke hiyo miwili polima moja inatoa mviringo, silinda au tabaka. Binafsi hii ndo sababu ninayoipenda kuliko zote, maana badala ya kutengeneza polima tano unageuza vali.

Kiasi cha kuvimba ndo kinachosumbua. Unaona rangi ya utando kwenye silikoni ikihama, kahawia inaelekea buluu kadiri unene unavyopanda, na macho yanakudanganya kwamba umeidhibiti. Mvuke ukikaribia kujaa kabisa, badiliko dogo linavimbisha utando sana. Kwa tolueni, nyuzi 1 tu karibu na joto la chumba inabadilisha mgandamizo wa mvuke kwa kama asilimia 5. Yaani ukitumia bika tu iliyofunikwa, na kiyeyushi ndani yake, dirisha likifunguliwa, matokeo yamebadilika. Ukizidisha kuvimba utando unakusanyika kuwa matone na bamba linabaki wazi, na hapo hakuna kurudi. Ukipungukiwa, minyororo imelala palepale, unasubiri masaa sita bure.

Kutoa mvuke kunaamua mwelekeo. Utando unakauka kuanzia juu, kwa hiyo ukikausha haraka mpangilio unatengenezwa kutoka juu kushuka chini na silinda zina uwezekano mkubwa wa kusimama wima, ukikausha polepole nyuso zinapata muda wa kuvuta bloku ambayo zinaipenda na silinda zinalala. Sio sheria ya kila polima ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Halafu kumbuka utando ukikauka unapungua unene tu, upana umeshikwa na bamba, kwa hiyo ulichokiona kikiwa kimevimba kinabanwa kutoka juu, mviringo unakuwa bapa kidogo.

Kesho utapata kilekile?

Myeyusho, ukishaandika kasi ya maji, joto, kiwango na kasi ya kukoroga, unarudiwa vizuri, tatizo linakuja ukiongeza ujazo mara mia kwa sababu kuchanganyika kunabadilika. Mvuke kwenye bika, kusema ukweli, haurudiwi. Mvuke kwenye chemba yenye naitrojeni inayobubujishwa kupitia kiyeyushi, na vali zinazopima gesi, na bamba lililoshikiliwa kwenye joto moja, huo unarudiwa sana. Pia kama bloku yako inanywa maji, PEO kwa mfano, unyevu wa hewa ni kiyeyushi cha pili ambacho hukukialika.

Kuona ulichotengeneza

Kwenye mvuke unaweka bamba chini ya AFM (darubini inayopapasa uso kwa ncha kali) au darubini ya elektroni na unaona mchoro wenyewe, ingawa unaona uso tu, na PDMS inapenda sana kukaa juu hivo inaweza kukuficha kilicho chini mpaka uikwangue kwa plasma (gesi iliyochajiwa umeme). Kwenye myeyusho mtawanyiko wa mwanga unakupa ukubwa ndani ya dakika chache lakini unadhani kila kitu ni mpira, minyoo inakuja na namba isiyo na maana. Hapo darubini ya elektroni yenye sampuli iliyogandishwa ghafla ndo shahidi, na sio kila maabara inayo. Sampuli iliyokaushwa tu kwenye gridi usiiamini sana, kukauka kwenyewe kunatengeneza maumbo.

Vifaa, muda, mapafu

Myeyusho: kikorogeo cha sumaku, pampu ya sirinji, mfuko wa dayalisisi, siku moja hadi nne, nyingi za kubadilisha maji. Mvuke: mashine ya kuzungusha bamba, chemba, kitu cha kupimia unene kwa mwanga, dakika chache hadi masaa. DMF inadhuru uzazi, klorofomu ni sumu, THF ikikaa inatengeneza peroksaidi zinazolipuka. Kabati la kufyonza mvuke ni lazima kwa njia zote mbili, tofauti ni kwamba kwenye mvuke unaukuza makusudi halafu unafungua kifuniko, kwa hiyo puliza naitrojeni kwanza.

Inamfaa nani

Myeyusho unamfaa anayebeba kitu: dawa isiyopenda maji, rangi, kimeng'enya, chembe za chuma. Unamfaa pia asiye na bajeti ya vifaa vya nyuso, na anayehitaji gramu au kilo. Haumfai anayetaka mpangilio wa mbali kwenye uso.

Mvuke unamfaa anayetengeneza kiolezo, mashimo ya kuchongea, nukta, mistari ya nanomita kumi hivi, hasa mwenye polima ya uadui mkubwa au inayoharibika kwa joto. Haumfai anayetaka wingi, wala asiye na subira ya kujenga chemba.

Zinapoingiliana

Mipaka hii sio ukuta. Ukipaka utando kutoka kwenye kiyeyushi kinachochagua upande, umepaka miseli tayari, na mvuke utaanzia kwenye kumbukumbu hiyo. Kwa makusudi ni mbinu nzuri: polistirini na P2VP (bloku inayoshika chumvi za metali) ndani ya tolueni, chumvi ya dhahabu inaingia kitovuni, unapaka, unachoma kwa plasma ya oksijeni, zinabaki nukta za dhahabu zilizopangana vizuri bila chemba yoyote. Na mwaka 2007 Peinemann, Abetz na Simon walichukua polistirini na P4VP, ndugu ya P2VP, wakamwaga utando, wakauacha uvukize kidogo, wakautumbukiza kwenye maji, ukatoka utando wa kuchujia wenye matundu yaliyosimama juu na sponji chini. Hiyo ni ipi sasa, myeyusho au mvuke? Yote.

Ukiwa kwenye hali hii

Una polima moja, muda wa miezi mitatu, na maabara yenye kikorogeo tu: anza na myeyusho, chagua kitovu laini sio polistirini, utajifunza bila kufungwa na ukaidi wa kioo.

Unataka mchoro kwenye silikoni na polima ni polistirini na PMMA: jaribu joto kwanza, pamoja na tabaka la chini lisilopendelea upande. Mvuke uje ukikwama.

Unataka mchoro na polima ni polistirini na PDMS, au na P2VP: mvuke, na pesa ya kwanza inunue udhibiti wa joto kabla ya kitu kingine chochote. Bika itumie wiki moja tu, kujua ni kiyeyushi kipi kinavimbisha na kipi kinaharibu.

Unahitaji vifuko na unapata mviringo: usikimbilie polima mpya, ongeza chumvi kidogo au punguza kasi ya maji, au anza na kiwango kikubwa zaidi cha polima.

Unahitaji silinda zilizosimama na zinalala: angalia kwanza unene wa utando kama unalingana na hatua ya mpangilio wako (umbali kati ya safu moja na inayofuata), halafu kausha haraka, halafu ndo ufikirie kubadili uso wa chini. Watu wanaanzia mwisho wa orodha hii, sijui kwa nini.

Hujui bado unataka nini, unataka tu kujua polima yako inaweza nini: fanya yote mawili siku moja. Miligramu 10 ziende kwenye THF na maji, 10 nyingine kwenye bamba na mvuke. Zikitofautiana sana, mfano minyoo upande mmoja na tabaka upande wa pili, usishtuke, kwenye maji ni nywele za nje zinazoamua na kwenye utando ni uwiano wa bloku zenyewe.